Kukagua Suti Kavu na Vifaa Kabla ya Kuzamia Kwenye Maji Baridi

Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, na ndiyo sababu mzamiaji anayeingia kwenye maji ya nyuzijoto 10 au chini ya hapo huhitaji vazi litakalomtenga na maji kabisa. Suti kavu hufanya kazi hiyo kwa kuziba shingo na mikono, kisha kuhifadhi tabaka la gesi kati ya mwili na maji. Gesi hiyo ndiyo inayolinda joto, na ndiyo hiyo hiyo inayoleta hatari: mzamiaji anaposhuka hubanwa na kupungua, anapopanda hutanuka, na ndani ya suti inaweza kukimbilia miguuni au mabegani kufuatana na mkao wa mwili.

Ukaguzi ulioelezwa hapa unafuata maswali matatu. Je, maji yamezuiwa? Je, gesi inaingia pale tu ninapoitaka? Je, gesi inatoka kila ninapoihitaji itoke? Wazamiaji wengi huhangaika na swali la kwanza kwa kuwa uvujaji huonekana na hukera. Kwa maoni yangu swali la tatu ndilo linalostahili kutangulia. Mtu aliyelowa hutoka majini akitetemeka, lakini aliyeshindwa kutoa gesi anaweza kuvutwa juu kwa kasi asiyoweza kuizuia, akapasuka mapafu au akapata ugonjwa wa mgandamizo, yaani mapovu ya gesi yanayojitokeza mwilini shinikizo linaposhuka haraka.

Mwongozo huu hauchukui nafasi ya mafunzo. Anayevaa suti kavu kwa mara ya kwanza ajifunze na mkufunzi kwenye maji tulivu yenye kina kifupi, na asizamie kwenye maji baridi ya kina kirefu mpaka mikono yake iweze kuzikuta vali bila msaada wa macho.

Siku chache kabla ya kuzamia

Anza na vali ya kutolea hewa, ambayo kwa kawaida hukaa juu ya mkono wa kushoto. Izungushe kutoka kufunga kabisa hadi kufungua kabisa na uhisi kama inakwama mahali popote, kwa maana chumvi iliyokauka na punje za mchanga huanza kwa kuifanya iwe nzito kabla hazijaikwamisha. Igeuze suti, weka mdomo upande wa ndani wa vali, uvute hewa: hewa ikipita kuingia, utando wa ndani umekaa vibaya au umenasa uchafu, na maji nayo yatapita. Kisha puliza huku vali ikiwa wazi, na hewa itoke bila kulazimishwa. Tazama pia kama nyuzi za nguo za joto zimekusanyika kwenye matundu ya ndani. Nyuzi hizo huziba njia ya gesi kidogo kidogo, na mzamiaji hugundua wakati tayari anapanda.

Vali ya kuingizia hewa, iliyo kifuani, ipimwe ikiwa imeunganishwa na bomba lenye shinikizo. Bonyeza kitufe mara kadhaa kwa vipigo vifupi na uhakikishe kinarudi upesi kila mara. Baada ya hapo iache suti imeunganishwa kwa dakika tano bila kuigusa. Ikianza kujaa yenyewe, vali inapitisha hewa na haifai kwenda majini kabla ya kutengenezwa, hata kama kiasi kinachopita kinaonekana kidogo. Jaribu pia kulitoa bomba ukiwa umevaa glavu zile zile utakazozamia nazo. Kiunganishi kinachofunguka kirahisi kwa vidole vitupu kinaweza kumshinda mtu aliyevaa glavu nene, na hilo ni jambo la kulijua ukiwa nchi kavu. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, pendelea kiunganishi kinachopitisha hewa polepole, kwa sababu kitufe kikikwama utapata muda zaidi wa kulichomoa bomba.

Sasa geukia mpira wa shingo na mipira ya mikono. Lateksi huharibiwa na jua, ozoni, mafuta na jasho, na dalili zake ni nyufa ndogo zinazoonekana mpira unapovutwa mbele ya mwanga, au ulaini wenye kunata kama gundi. Mpira wenye dalili hizo ubadilishwe, wala usiwekewe kiraka ili umalize msimu. Silikoni ni laini zaidi na haikeri ngozi, lakini ikichanika kidogo pembeni mchaniko huendelea kwa haraka. Neopreni hudumu na hutunza joto, ila hulegea kadiri inavyotumika.

Mpira wa shingo unastahili neno la ziada. Pande zote mbili za shingo kuna vihisio vinavyoupa ubongo taarifa ya shinikizo la damu. Mpira unaobana kupita kiasi huvidanganya, na mwili hujibu kwa kupunguza mapigo ya moyo, hivyo mtu akapata kizunguzungu, macho yakaingia giza, na pengine akazimia. Mpira mpya uvae kwa muda ukiwa umetulia, ugeuze kichwa kila upande, na ukihisi uzito kichwani uvue mara moja. Lateksi hupunguzwa kwa kukata duara jembamba moja kwa wakati, kwa mkasi mkali na bila kuacha pembe, kwa kuwa pembe ndogo ndiyo inayoanzisha mchaniko. Maji yakiingia mkononi ingawa mpira ni mzima, kunja kiganja ukitazama kano za kifundo. Zinapoinuka huacha mfereji kati yake, na tiba yake ni kuusogeza mpira juu zaidi kwenye mkono au kujizoeza kutokunja kiganja kwa nguvu.

Zipu isiyopitisha maji huwa ghali kubadilisha, na kasoro zake huonekana kwa anayetazama: jino lililopinda, uzi uliochomoza, au kitambaa kilichopasuka karibu na meno. Ya chuma hupakwa nta kwenye meno upande wa nje, na ya plastiki huwekewa grisi ya mtengenezaji kwenye ncha inakofungia. Usipulizie mafuta ya silikoni, kwa sababu huvuta uchafu na huzuia gundi isishike siku suti itakapohitaji kurekebishwa.

Ukishuku uvujaji, ziba mikono ya suti kwa chupa na shingo kwa mpira wa kuchezea, funga zipu na vali ya kutolea, kisha jaza hewa mpaka suti isimame bila kukakamaa. Pitisha maji ya sabuni kwenye mishono, vali, zipu na viatu, na tia alama kila mahali panapotoa povu.

Vidhibiti vya hewa na kuganda

Kidhibiti ni kifaa cha kupumulia: hatua yake ya kwanza hufungwa kwenye mtungi na kupunguza shinikizo, na hatua ya pili hukaa mdomoni. Gesi inapotoka kwenye mtungi wenye shinikizo kubwa na kutanuka ndani ya hatua ya kwanza ya kidhibiti, hupoa sana, kiasi kwamba chuma chenyewe kinaweza kushuka chini ya nyuzijoto sifuri ilhali maji ya nje yana nyuzijoto 4. Maji yaliyozunguka springi huganda, hatua ya kwanza hukwama ikiwa wazi, shinikizo la kati, yaani la kwenye bomba linalounganisha hatua hizo mbili, hupanda, na hatua ya pili hububujisha hewa bila kukoma. Hatua ya pili nayo inaweza kugandishwa na unyevu wa pumzi. Maji yasiyo na chumvi yana hatari zaidi, kwa sababu huganda kwenye sifuri wakati maji ya bahari ya kawaida huhitaji takriban nyuzijoto 1.8 chini ya sifuri.

Kiwango cha Ulaya cha EN 250 huyahesabu maji yaliyo chini ya nyuzijoto 10 kuwa maji baridi, na kidhibiti ambacho hakikuthibitishwa kwa baridi hiyo huwekewa alama inayoonyesha kuwa ni cha maji yenye zaidi ya nyuzijoto 10. Tafuta alama hiyo kwenye chuma. Kwa maji baridi chagua kidhibiti kilichofungwa dhidi ya mazingira, ambacho springi yake haiguswi na maji, na kifanyiwe huduma kwa muda aliouweka mtengenezaji.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa yeyote anayezamia mara kwa mara kwenye maji ya chini ya nyuzijoto 10 ni hatua mbili za kwanza zinazojitegemea, kila moja kwenye vali yake ya mtungi. Bomba la suti litoke kwenye moja na bomba la jaketi la kuelea litoke kwenye nyingine. Upande mmoja ukiganda na kulazimika kufungwa, mzamiaji bado ana hewa ya kupumua na njia moja ya kurekebisha uwezo wake wa kuelea. Fanya mazoezi ya kuzifikia vali hizo ukiwa ndani ya suti na nguo zote za joto, kwa kuwa nguo nene hufupisha mkono.

Kabla ya kuzamia, weka vidhibiti mahali penye joto na vikiwa vikavu, na ufanye jaribio la kupumua humo humo. Hewa ya nje ikiwa chini ya sifuri, usipumulie kidhibiti ukingoni na usibonyeze kitufe cha kusafishia, kile cha hatua ya pili kinachoachia hewa kwa nguvu, kwani unyevu wa pumzi chache unatosha kuanzisha barafu. Majini, epuka kujaza jaketi, kujaza suti na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja, na kila ujazaji uwe wa vipigo vifupi.

Kumbuka pia kwamba shinikizo la mtungi hushuka kwa baridi. Mtungi uliosomeka bari 200 (bari ni kipimo cha shinikizo) kwenye chumba cha nyuzijoto 20 utasoma karibu bari 189 ukipoa hadi nyuzijoto 4, kabla hujavuta pumzi hata moja. Hesabu ya hewa ya safari ianzie kwenye usomaji wa baridi.

Suti isijazwe kamwe kwa mchanganyiko wenye heli. Heli hupitisha joto takriban mara sita zaidi ya hewa, na mzamiaji hupoa kana kwamba ameacha nguo zake nyumbani. Anayepumua mchanganyiko huo abebe chupa ndogo ya hewa au agoni kwa ajili ya suti peke yake, na chupa ya agoni iwekewe alama wazi na isiunganishwe na kidhibiti cha kupumulia, kwa sababu agoni tupu haina oksijeni.

Nguo za joto na uzito

Suti nyingi za kitambaa chembamba hazina joto lolote zenyewe. Joto hutoka kwenye nguo za ndani. Tabaka la kwanza liwe la sufu au nyuzi zinazoondoa jasho kwenye ngozi, na pamba iachwe kabisa kwa kuwa hushika unyevu. Fulana zinazopashwa joto kwa betri husaidia, lakini safari ipangwe kana kwamba betri itazimika katikati, na nguo zilizobaki zitoshe kukufikisha juu salama.

Kila badiliko la nguo za ndani hubadilisha uzito unaohitajika. Pima ukiwa na mtungi uliobaki na bari 50 hivi, jaketi likiwa tupu na suti ikiwa na gesi ya kutosha kuondoa mbano tu: uweze kutulia kwenye kina cha mita 3 hadi 5 bila kupanda. Kuongeza vipande vya risasi, yaani madini mazito ya kumshusha mzamiaji, kwa ajili ya kujihakikishia kushuka ni tabia mbaya yenye gharama iliyofichika, kwani kila kilo ya ziada hudai gesi ya ziada ili kuibeba, na gesi hiyo ndiyo itakayotanuka wakati wa kupanda.

Kuvaa

Vua saa, pete na mikufu. Paka lateksi unga wa talki usio na manukato. Silikoni haihitaji unga. Pitisha mkono kwenye mpira kwa kubana vidole pamoja, na mpira wa shingo ufunguliwe kwa vidole vilivyoingia ndani, si kwa kuvutwa ukingo wake kwa kucha. Toa kila unywele na kila uzi wa nguo ya joto uliopita chini ya mipira, maana uzi mmoja hufyonza maji kama utambi. Zipu ivutwe kwa mstari ulionyooka, nguo za ndani zikiwa zimesogezwa mbali na meno, na sentimita ya mwisho ihakikishwe kwa kidole. Baadaye chuchumaa ukiwa umeinua mpira wa shingo kidogo ili hewa ya ziada itoke.

Vaa suti mwisho wa maandalizi. Mzamiaji aliyesubiri muda mrefu ndani ya suti hutoa jasho, na nguo zilizoloa kwa jasho hupoteza joto mapema.

Ukaguzi na mwenzako ukingoni

Ukaguzi huu ufanyike kwa sauti na kwa kugusa, si kwa kutikisa kichwa. Mwenzako aivute ncha ya zipu yako kuthibitisha imefika mwisho, hasa ikiwa iko mgongoni ambako mwenyewe huoni. Unganisha bomba la suti, bonyeza kitufe mara moja, usikie gesi ikiingia. Fungua vali ya kutolea, inua kiwiko cha kushoto juu ya bega, na wote wawili msikie gesi ikitoka. Kamba za mtungi na jaketi zisipite juu ya vali yoyote. Mweleze mwenzako jinsi bomba lako linavyotoka na mahali vali yako ilipo, nawe uyajue ya kwake, hata kama mmezamia pamoja mara nyingi, kwa sababu suti na viunganishi havifanani. Malizieni kwa vali za mitungi, geji, risasi na namna ya kuziachia.

Jambo moja likikosa jibu, safari isubiri.

Ndani ya maji

Dakika ya kwanza kwenye maji baridi hubadilisha pumzi ya mtu, hasa uso unapoguswa. Baki juu ukiwa umejaza jaketi, lowesha uso, na usubiri pumzi itulie. Shukeni hadi mita 3 au 5, mkasimama na kutazamana kama kuna mapovu yanayotoka kwenye mitungi, mabomba au suti. Hapo ndipo pa kupima vali zote mbili tena, kwa sababu kurudi juu bado ni rahisi.

Unapoendelea kushuka, ongeza gesi kidogo kidogo kabla mikunjo ya suti haijaanza kubana ngozi. Kwa mtungi mmoja naona ni busara suti ipewe gesi ya kuondoa mbano na kuhifadhi joto tu, na kazi iliyobaki ya kuelea ifanywe na jaketi. Wapo wanaofundisha kutumia suti peke yake ili kuwe na chombo kimoja cha kuangalia, na hoja yao ina uzito kwa mtu aliyebeba risasi kwa kipimo sahihi; kwa aliyezidisha risasi, suti hugeuka puto linalohama.

Wakati wa kupanda, fungua vali kabisa kabla ya kuanza, na iwe sehemu ya juu kabisa ya suti. Nenda kwa kasi isiyozidi mita 9 au 10 kwa dakika. Kutoka mita 30 hadi 20 gesi huongezeka kwa theluthi moja, lakini kutoka mita 10 hadi juu huongezeka maradufu, kwa hiyo uangalifu mkubwa zaidi unahitajika pale ambapo safari inaonekana kuisha.

Baridi yenyewe huathiri utokaji wa gesi mwilini. Utafiti wa kitengo cha majaribio ya uzamiaji cha Jeshi la Majini la Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa kuwa na joto wakati wa kukaa kwenye kina na kupoa wakati wa kupanda huongeza hatari ya ugonjwa wa mgandamizo. Mtu anayehisi baridi arudi mapema na apande kwa tahadhari zaidi. Kipimo rahisi ni kugusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule: vikishindwa kukutana, mikono hiyo haitaweza tena kufanya kazi ya dharura.

Mambo yanapoharibika

Suti ikijaa yenyewe, chomoa bomba kwanza na utoe gesi kwa vali huku kiwiko kikiwa juu. Kutoa gesi bila kuchomoa bomba ni kushindana na mtungi mzima. Vali isipotosha, vuta mpira wa shingo au wa mkono uruhusu gesi itoke. Utalowa, lakini utaitawala kasi yako. Baada ya hapo safari imekwisha, na kuelea kunasimamiwa kwa jaketi.

Miguu ikielekea juu, chukua hatua mapema kabla mapezi hayajavuliwa na gesi iliyojaa viatuni. Kunja magoti kifuani, jiviringishe mbele au pembeni kwa nguvu, nyoosha mgongo ukiwa wima, kisha toa gesi mara moja. Zoezi hili lirudiwe kila msimu kwenye maji ya kina kifupi.

Suti ikiingia maji kwa wingi, usidhani maji hayo yatakuzamisha kwa uzito wake, kwani maji ndani ya maji hayana uzito wa ziada. Ulichopoteza ni gesi iliyokuinua na joto lililokulinda. Jaketi lazima liwe na uwezo wa kukubeba peke yake, na hilo lipimwe kabla ya msimu. Panda kwa utaratibu. Ukifika kwenye ngazi ndipo uzito utakapotokea, kwa hiyo vua risasi na mtungi kwanza na upande polepole huku maji yakishuka.

Kidhibiti kikibubujisha hewa, hamia kwenye kile cha pili, funga vali ya upande ulioganda na uanze kupanda. Barafu huweza kuyeyuka baada ya muda mfupi, lakini kidhibiti kilichoganda mara moja kisihesabiwe kuwa cha kutegemewa katika safari hiyo.

Baada ya kutoka

Suuza suti ikiwa imefungwa zipu, ukibonyeza vali zote mbili chini ya maji safi, na uhakikishe kifuniko cha hatua ya kwanza ya kidhibiti ni kikavu na kimekaa kabla ya kuisuuza. Kausha nje, kisha ndani, kivulini. Weka mkono ndani ya suti utafute unyevu: ulioenea mwili mzima kwa kawaida ni jasho, uliojikusanya mahali pamoja ni uvujaji. Zipu isikunjwe kwa pembe kali, na lateksi ihifadhiwe mbali na jua na mota za umeme ambazo hutoa ozoni. Kasoro yoyote iandikwe kwenye karatasi na kufungwa kwenye zipu ya suti siku hiyo hiyo, ili atakayeishika tena aione kabla hajaivaa.